Shajara ya kioo kilichozima: laptopu ya steshenari, Ngamiani

Jumatatu, jioni

Imeingia leo saa tisa alasiri, imeviringishwa kwenye kanga. Mwenye nayo ni dada mwenye steshenari hapa hapa Ngamiani, Tanga, barabara mbili kutoka kibandani kwangu. Anachapa barua za maombi ya kazi, ripoti za wanafunzi wa chuo na kadi za mialiko, na anapiga fotokopi. Laptopu hii ndiyo duka lenyewe. Ameshapita kwa fundi mwingine, ikaangaliwa dakika mbili, akaambiwa kioo kimekufa, alete shilingi 180,000 kiagizwe kipya. Hana. Alichoniomba ni hiki: "Kaka, nisaidie nijue kama kweli ni kioo. Kama ni kioo nitachanga, nitatafuta. Ila nisije nikanunua halafu ikawa vilevile."

Nimeyanakili maneno yake kama alivyoyasema, maana ndiyo kazi yenyewe: kujua kwanza.

Nimemkalisha kwenye benchi nikamwomba anisimulie tangu mwanzo, bila haraka. Mwezi mmoja na nusu uliopita kioo kilianza kupepesa kila akifungua mfuniko. Akiuegemeza nyuma kidogo, kinatulia. Baadaye kikawa kinakubali pembe moja tu, naye akaipata kwa kusimamisha rimu ya karatasi za A4 nyuma ya mfuniko ili ukae hapo hapo. Amefanya kazi hivyo wiki tatu, rimu nyuma, na kila mteja anaambiwa asiegemee meza. Ijumaa iliyopita mmoja akaegemea. Kioo kikapepesa mara mbili tatu, kikazima. Tangu hapo ni giza, lakini feni anaisikia, na taa ya herufi kubwa kwenye kibodi inawaka na kuzima akibonyeza.

Hiyo rimu imeniambia mengi. Kioo chenyewe hakina habari na pembe ya mfuniko. Ukikilaza, ukikisimamisha, kwake ni sawa. Mfuniko ukifunguka na kufungwa, kinachokunjwa ni kebo inayopita kwenye bawaba. Nimeiandika kebo kuwa mshukiwa wa kwanza kabla sijashika bisibisi. Hata hivyo kushuku hakutoshi, nimeendelea na vipimo vya nje, vile visivyohitaji kufungua skrubu hata moja.

Cha kwanza, runinga. Nimeunganisha waya wa HDMI, nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, nikachagua picha itoke kote kuwili. Kwenye runinga imetoka picha safi, rangi zote zipo, hakuna mstari wala kupepesa. Kwa hiyo prosesa, kumbukumbu na sehemu inayotengeneza picha ni nzima. Kabla ya kwenda mbele nimemhamishia kazi zake zote kwenye flashi, kuna ripoti mbili za wanafunzi zinazotakiwa wiki hii. Kazi ya mtu huokolewa kwanza, mashine inafuata. Anaazima kompyuta ya jirani kwa sasa.

Runinga ina mpaka wake, na hapo ndipo wengi tunapokosea. Picha ikionekana nje, watu husema basi kioo ndicho kibovu. Lakini picha ya runinga inatoka kwa mlango mwingine kabisa. Njia ya kwenda kwenye kioo cha laptopu ina kebo yake, soketi zake mbili, umeme wake wa namna mbili, na amri yake ya kuwasha taa. Runinga haijagusa hata kimoja kati ya hivyo.

Cha pili, tochi. Nimezima taa ya kibanda, nikashusha turubai la mlangoni, nikawasha tochi ya simu na kuilaza karibu na kioo, kwa mshazari. Mwanzoni sikuona kitu zaidi ya alama za vidole na vumbi. Kisha ndani ya duara la mwanga ikajitokeza saa: 16:18. Chini yake tarehe. Maandishi yalikuwa hafifu, kama kitu unachokiona chini ya maji. Nikatelezesha kidole kwenye padi, kishale kikakatiza duara kikapotelea gizani. Nimemwita dada aone. Aliinama, akakaa kimya kidogo, akasema, "Kumbe ipo."

Ipo. Kioo cha LCD hakitoi mwanga wake. Ndani yake mna tabaka la fuwele kimiminika linalofungua na kuziba njia ya mwanga, nukta moja moja, na mwanga wenyewe unatoka nyuma, kwenye mstari wa taa za LED uliopachikwa ukingoni na kusambazwa na karatasi za plastiki. Picha ni kitu kimoja, mwanga ni kitu kingine, na vinalishwa kwa umeme tofauti. Laptopu za zamani zilikuwa na bomba jembamba la taa badala ya LED, pamoja na bodi ndogo ya kupandisha umeme hadi mamia ya volti. Hizo sizipimi hovyo. Hii ni ya LED, afadhali.

Nimeondoa pia shaka ya sumaku. Laptopu nyingi zina kihisi kinachotambua kuwa mfuniko umefungwa kwa kunusa sumaku iliyo kwenye mfuniko, na nimewahi kuona mtu anahangaika siku nzima kumbe amelaza simu yenye pochi ya sumaku pembeni ya kibodi. Hapa siyo. Mfuniko ukidhaniwa umefungwa, mashine hulala. Hii iko macho na picha inatoka.

Wamebaki wanne: taa zenyewe ndani ya kioo, kebo, umeme wa kulisha taa kutoka mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, na amri ya kuziwasha. Kesho nafungua.

Jumanne

Kabla ya yote, betri. Hii ni ya ndani. Nimefungua skrubu za chini, nikatoa mfuniko wa tumbo, nikachomoa plagi ya betri, kisha nikashikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki uishe. Nalisema hili kwa uzito kwa yeyote anayejifunza: kwenye soketi ya kioo, pini zenye volti 19 za chaja zimekaa milimita chache kutoka kwenye pini za volti 3.3. Ukichomoa au kuchomeka kebo hiyo na betri ikiwa imeunganishwa, ukaipindisha kidogo tu, unaweza kuua kioo kizima au kuunguza mazabodi. Zima, chomoa chaja, chomoa betri, subiri, ndipo uguse.

Fremu ya plastiki imetoka kwa kadi ya benki iliyoisha muda, taratibu kuanzia chini. Skrubu nne ndogo, kioo kimelala kifudifudi juu ya kibodi, na chini yake nimetandika kanga ile ile aliyokuja nayo. Lebo ya nyuma inasema inchi 14, nukta 1366 kwa 768, na soketi ni ya pini 30. Nimeipiga picha. Nimeinua utepe mwembamba unaoshikilia konekta, nikaichomoa kwa kuivuta sambamba na kioo, siyo kuinyanyua juu.

Huku kwetu pwani hewa ya chumvi haina huruma, na mara nyingi konekta nakuta imeota kijani. Hii ni safi. Nimeisugua kwa spiriti hata hivyo, nikairudisha, nikaunganisha betri, nikawasha. Giza lile lile. Nikazima, nikachomoa tena, nikaifuata kebo kuelekea bawaba ya kushoto.

Hapo nimekaa karibu saa nzima na lenzi.

Kebo imevikwa utepe mweusi wa kitambaa. Mahali inapozunguka bawaba, utepe umelika mpaka umekuwa nyuzi, na ndani yake kunang'aa ule utando wa rangi ya fedha unaoizunguka. Nimeufunua kwa ncha ya sindano. Chini yake kuna nyaya nyembamba kuliko uzi wa cherehani, zimelala pamoja. Mmoja umekatika kabisa, ncha mbili zimetengana kwa unene wa ukucha. Miwili imechunika, shaba iko wazi. Na kwenye chuma cha bawaba, mkabala na nyaya hizo, kuna alama inayong'aa ya kusuguana na doa jeusi dogo, kama kichwa cha pini. Nimelipiga picha pia.

Nimepima kwa mita, upande wa mlio, ambao hulia njia ya umeme ikiwa nzima. Kwenye soketi nyingi za pini 30, pini ya 26 hadi ya 29 ndizo zinazobeba umeme wa kulisha taa. Kebo ikiwa imenyooka, mita inalia. Nikiikunja kama inavyokunjwa na bawaba, inanyamaza. Nikiirudisha kidogo, inalia tena. Ndiyo ile rimu ya karatasi, hapa mezani kwangu, kwa sauti ya mita.

Kitu kingine: bawaba ina kijibanio cha plastiki cha kuishikilia kebo isikaribie chuma. Hakipo. Kimebaki kishimo cha skrubu yake. Mtu aliwahi kuifungua hii laptopu, pengine kabla dada hajainunua, maana ni ya mitumba, na akaifunga bila kukirudisha. Kipande cha plastiki kisichozidi ukucha wa kidole kidogo.

Nimempigia. "Dada, nadhani kioo chako ni kizima. Nimekuta kebo imekatika kwenye bawaba." Akasema alhamdulillahi mara mbili. Nimeagiza kebo Kariakoo, shilingi 25,000. Kebo hizi huwa na namba ndefu kwenye kilebo. Hii inaanza na DC02. Nimetuma picha ya namba, ya ncha ya kioo na ya ncha ya mazabodi. Wanapakia kwenye basi la usiku.

Jumatano

Mzigo umefika stendi asubuhi. Siyo. Ncha ya kioo ina pini 40, ni ya toleo lenye kioo cha kugusa. Namba imetofautiana tarakimu moja ya mwisho. Nimewapigia, wamekubali, watatuma ya pini 30 leo usiku na hii nairudisha kwa basi hilo hilo.

Kijana anayejifunza kwangu ameuliza kwa nini tusiunge tu nyaya zile kwa risasi ya kulehemu, dada apate mashine yake leo. Swali zuri. Pahali palipolehemiwa panakuwa pagumu, na ugumu huo unahamishia mkunjo wote pembeni ya kiungo. Mfuniko wa steshenari unafunguliwa na kufungwa siku nzima. Baada ya wiki chache waya ungekatika tena sentimita moja kutoka pale, na safari hii ungeweza kugusa bawaba bila mtu kujua. Kwenye sehemu isiyokunjwa ningeunga bila shida. Kwenye bawaba, hapana.

Alhamisi, usiku

Kebo sahihi imefika saa nne. Nimeipitisha, nimeichomeka kote kuwili, nimerudisha betri, nimewasha.

Giza.

Nimechukua tochi. Picha ipo, inatulia, sasa hata nikiuzungusha mfuniko kutoka mwanzo hadi mwisho haipepesi. Lakini taa hakuna. Nimezima, nimechomoa, nimechomeka upya mara tatu. Nimekagua pini kwa lenzi, zote zimenyooka. Giza.

Nimeumia, sifichi. Nilishamwambia mwenye mali kuwa kioo chake ni kizima na kuwa ni kebo. Nilipokuta waya umekatika niliridhika nikaacha kupima. Ubovu niliouona ulikuwa wa kweli, ila sikujiuliza kama uko peke yake.

Mzee anayetengeneza redio kibanda cha jirani alikuwa anafunga akanikuta nimeshika kichwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona umeinama hivyo, mwanangu?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni na funguo mkononi. Hajui laptopu, lakini amepima umeme tangu sijazaliwa. Aliuliza moja tu: "Huo umeme wa taa, umeupima unafika?"

"Nimeupima waya, mzee. Ulikuwa umekatika, nimeubadilisha."

"Waya umeupima umelala. Upime ukiwa kazini."

Kesho.

Ijumaa

Nimeanza mapema kabla wateja hawajajaa. Kupima umeme kwenye soketi ya pini 30 ikiwa hai ni hatari, nafasi kati ya pini na pini ni nusu milimita na ncha ya mita ni kama jembe. Nimefunga sindano ya kushonea kwenye ncha nyekundu, nikaizungushia selotepu ikabaki ncha tu, na nimepima upande wa mazabodi kwenye vidoti vya kupimia na kwenye kapasita zilizo jirani na soketi, ambako kuna nafasi ya kupumua. Ncha nyeusi nimeishikiza kwenye skrubu ya bodi.

Umeme wa picha: volti 3.3. Upo, na ndiyo maana picha ipo.

Amri ya kuwasha taa: volti 3.3. Kwa hiyo mazabodi inasema "waka".

Amri ya ukali wa mwanga: inapanda na kushuka nikibonyeza vitufe vya kuongeza na kupunguza mwanga. Nayo ipo.

Umeme wa kulisha taa: sifuri.

Nimerudia mara tatu. Sifuri, sifuri, sifuri. Taa zimeamriwa ziwake na hazijapewa chakula.

Kuanzia hapo kazi ni kurudi nyuma kwenye njia hiyo mpaka nikute mahali umeme unapoishia. Haikuwa mbali. Pembeni ya soketi kuna kidude cheupe chenye herufi F na namba yake pembeni: fyuzi. Upande mmoja wa fyuzi, volti 19.3. Upande wa pili, sifuri. Nimechomoa chaja na betri, nimesubiri, nimepima kwa mlio: kimya. Imeungua.

Ndipo nikakumbuka lile doa jeusi kwenye bawaba. Nilipiga picha yake Jumanne na sikuipa neno lolote. Bawaba imeungana na mwili wa mashine, na mwili umeungana na njia hasi. Waya wenye volti 19 ulichunika, ukasugua chuma kwa wiki kadhaa bila kukigusa sawasawa, na Ijumaa iliyopita meza iliposukumwa ukagusa. Cheche moja, doa likabaki kwenye chuma, fyuzi ikajitoa mhanga ili njia za mazabodi zisiungue. Kila alichonisimulia dada kimepata mahali pake: kupepesa ni waya unaokatika, kuzima kabisa ni fyuzi. Matatizo mawili, moja limemzaa mwenzake.

Na hili limenikaa moyoni tangu asubuhi. Kama angechangisha ile 180,000 na kuwekewa kioo kipya, angewasha akakuta giza. Kioo kipya, kebo iliyochunika, fyuzi iliyoungua. Alichokiogopa ndicho ambacho kingempata, sawasawa na alivyokisema. Pengine angeambiwa basi ni mazabodi, atupe mashine nzima. Kuna laptopu ngapi zimekatwa vipande na kuuzwa kama mabaki kwa sababu ya kidude hiki? Vipimo vya leo vimechukua dakika 40, na mita ninayotumia si ya gharama.

Sijaweka fyuzi bado. Fyuzi huungua kwa sababu, na sababu ikiwa bado ipo, mpya nayo itakwenda. Kebo ya zamani imetoka, lakini je, kioo hakijapata shoti ndani? Nimepima ukinzani kati ya upande wa pili wa fyuzi na njia hasi, kwanza kioo kikiwa kimechomolewa, kisha kikiwa kimechomekwa. Mara zote mbili namba ilianzia chini ikapanda yenyewe taratibu mpaka mamia ya kiloomu, ndiyo kapasita zinavyojaa. Ingebaki karibu na sifuri ningejua kuna shoti. Hakuna.

Kijana wangu amesema kuna mafundi wanaunganisha tu kwa kipande cha waya mahali pa fyuzi na taa zinawaka. Ni kweli zinawaka. Lakini siku kebo itakapochunika tena hakuna cha kukatika isipokuwa njia ya shaba iliyo ndani ya mazabodi, na hiyo hairudi kirahisi. Nimemwonyesha doa la bawaba nikamwambia: hiki ndicho fyuzi ilichokizuia kisifike kwenye bodi. Haturuki.

Umeme umekatika saa kumi na moja jioni. Nimefunga.

Jumamosi

Nina boksi la mazabodi zilizokufa, nyingi zimekufa kwa maji. Nimepata moja ya familia ile ile ya laptopu, yenye soketi ya kioo na fyuzi mahali pale pale. Nimeipima ikiwa bado imekaa: inalia. Imekuwa ikisubiri humo ndani labda mwaka.

Fyuzi hii ina urefu wa milimita 1.6 na upana wa 0.8. Punje ya mchele ni kubwa kwake. Nimepaka fluksi, chuma cha kulehemu nyuzi joto 350, nikaongeza risasi mpya kidogo pande zote mbili ili ile ya zamani ilainike, nikaitoa kwa kibano. Iliruka ikaangukia kwenye mkeka. Tumeitafuta kwa tochi, mimi na kijana, robo saa nzima, tumeipata chini ya mguu wa benchi. Nimeitoa iliyoungua kwa namna hiyo hiyo, nikasafisha vituo vyake kwa utambi wa shaba na spiriti.

Jaribio la kwanza fyuzi imesimama wima. Upande mmoja uliyeyuka kabla ya mwenzake, risasi ikaivuta ikasimama kama jiwe dogo la kaburi. Nimeilaza, nimeishikilia katikati kwa kibano, nikayeyusha kushoto, nikahesabu mpaka tano, nikayeyusha kulia. Imekaa. Nimeosha, nimeangalia kwa lenzi, nimepima: mlio. Nimepima tena kwenda njia hasi: hakuna shoti.

Kioo, kebo, betri. Nimemwachia kijana abonyeze kitufe.

Kwa sekunde mbili hakuna kitu, na mimi sikuwa napumua. Kisha kioo kikatoka kwenye weusi wa giza kwenda weusi wenye mwanga nyuma yake, ule ambao ukishauona huwezi kuuchanganya na giza. Ikaja nembo, vikaja vidoti vinavyozunguka, halafu picha ya skrini yake ambayo sote wawili tulikuwa hatujawahi kuiona isipokuwa kwa vipande vya tochi: ni bahari, na ngalawa moja. Mwanga ukatupiga usoni. Kijana alipiga kelele mpaka mzee wa redio akaja. Akatazama, akaniuliza, "Haukuwa unafika?" Nikamwambia haukuwa unafika.

Kazi haijaisha hapo, maana kilichoua kebo ya kwanza bado kipo. Nimetoa kile kijibanio kwenye mfuniko wa mashine iliyokufa nikakifunga kwenye kishimo chake kwa skrubu yake. Kebo imekaa upande wa nje wa bawaba, ikiwa na ulegevu kidogo ili isivutwe, na nimeifunika kwa utepe wa kitambaa. Bawaba yenyewe ilikuwa ngumu mno, imekauka. Nimelegeza nati robo mzunguko na kuweka tone la grisi. Alama ya kusugua na lile doa nimezifuta kwa msasa laini mpaka chuma kikawa sawa, kusiwe na ncha.

Kisha nimefungua ukurasa mweupe, mwanga umejaa, nikafungua na kufunga mfuniko mara 100. Nimehesabu kwa sauti. Hakikupepesa hata mara moja. Nikaiacha inawaka saa tatu, nikapapasa eneo la fyuzi: vuguvugu ya kawaida tu.

Kwenye ule weupe nimeona kitu kimoja. Katikati, upande wa juu, kuna kivuli chepesi, pana kama kidole gumba. Ni pale ambapo ukingo wa rimu ulikuwa unabana mfuniko kwa nyuma. Karatasi za ndani zimeminywa. Hakitaongezeka, na ukiandika huwezi kukiona, lakini nitamwambia.

Jumatatu

Nimeipeleka mwenyewe dukani kwake. Hesabu: kebo 25,000, usafiri wa basi wa kwenda na kurudi 8,000, kazi 30,000. Fyuzi sikuitoza, ilitoka kwenye boksi. Nimempa kebo ya zamani pamoja na ile fyuzi iliyoungua, nimeigandisha kwa selotepu kwenye karatasi nyeupe ili aione. Nimemweleza kivuli kile, akakiangalia, akasema hakimsumbui.

Alipoifungua alishika ukingo wa mfuniko kwa vidole viwili, akauinua polepole, akasimama kwenye ile pembe yake ya zamani, na mkono wa kushoto ukaenda nyuma kutafuta rimu.

"Fungua tu dada. Mpaka mwisho."

Akausukuma mpaka mwisho. Akaurudisha. Akausukuma tena, safari hii haraka, akicheka. Bahari na ngalawa zikabaki pale pale. Mlangoni palikuwa na mama mwenye kitambulisho mkononi anataka nakala nne. Dada akaichukua rimu, akaichana kifuniko, akaijaza kwenye mashine ya fotokopi.

Nimebaki na kazi moja: kupita hapo baada ya mwezi, nifungue mfuniko wa tumbo niitazame kebo kwenye bawaba.